Kuangalia tablo za Lubumbashi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nyumbani kwetu Lubumbashi, Kongo, kwenye komini (sehemu ya mji) inayoitwa Kenya, kuna tablo saba ukutani. Nne aliziacha marehemu baba, tatu nimezinunua mwenyewe. Jirani, wanafunzi, wageni wa harusi na wa matanga, wote wakikaa saloni, yaani sebuleni, huishia kuziinulia macho, na maswali yanayofuata ni yale yale. Nimeyaweka hapa pamoja na majibu ninayotoa. Palipo na jibu la wengine nimesema hivyo, na palipo na rai yangu nimesema pia.

## Ya mwanzo

Mnaposema "tablo", mnamaanisha picha gani?

Picha iliyochorwa kwa rangi na mkono wa mtu, ya kutundikwa saloni. Neno "picha" peke yake siku hizi linampeleka mtu kwenye simu na kamera, ndiyo maana hapa tunasema tablo.

Ninazozungumzia zaidi ni zile zilizochorwa Lubumbashi na miji ya shaba iliyo jirani, hasa miaka ya 1970. Wachoraji walizibeba wenyewe nyumba kwa nyumba, na nyingi ziko juu ya kitambaa cha mfuko wa unga kilichonyooshwa kwenye fremu ya mbao. Walionunua walikuwa watu wa kawaida wenye mshahara: mfanyakazi wa mgodi, wa reli, karani, mwalimu.

Anayejulikana kuliko wote ni Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa hapa mwaka 1947, mji ukiitwa bado Élisabethville. Mwaka 1973 na 1974 alichora mfululizo wa tablo kama mia moja za historia ya nchi nzima, akamsimulia moja moja, kwa Kiswahili chetu cha hapa, Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyekuwa akifundisha chuo kikuu cha Lubumbashi. Tablo hizo leo ziko Wereldmuseum, Amsterdam, makumbusho yaliyoitwa Tropenmuseum hadi 2023. Masimulizi yale ni hazina kwetu, kwa sababu ni nadra mchoraji kuacha maneno yake mwenyewe kando ya kazi yake.

Kwa nini mara ya kwanza naona jambo moja tu?

Kwa sababu mchoraji alitaka hivyo. Aliyebeba tablo jua kali kutoka Katuba hadi Ruashi alikuwa na dakika chache mlangoni pa mtu kabla hajaambiwa "pita siku nyingine". Kwa hiyo aliweka mbele kitu kinachosomeka papo hapo: mtu anapigwa kiboko, nguva (nusu mwanamke, nusu samaki) ameketi juu ya maji, maiti tatu zimelala chini. Hilo ndilo lililouza.

Lakini tablo ile ile ilikuwa ikae ukutani miaka. Mchoraji alilijua na hilo. Kwa hiyo aliacha mengine nyuma, pembeni, kwenye bendera, kwenye kivuli, ya mtu atakayeiangalia wakati anasubiri bukari (ugali) iive.

Nianzie wapi kuangalia?

Anza na macho ya watu waliochorwa. Fuata kila mmoja anaangalia wapi. Anayepiga anamwangalia nani? Anayeamuru anaangalia nini? Nani hamwangalii yeyote? Kisha tafuta kama kuna hata mmoja anayekuangalia wewe. Akiwepo, huyo hakuwekwa bure.

Baada ya hapo nenda kwenye vitu visivyohitajika. Tukio lingeeleweka bila mti ule, bila mbwa yule, bila mwanamke yule wa nyuma. Kwa nini rangi ikatumika juu yake, na rangi ilikuwa ghali?

Inachukua muda gani?

Hakuna saa ya kuhesabu. Kuna tablo nilizozielewa nusu saa, na kuna moja ambayo nimeishi nayo tangu nikiwa na miaka sita (nimeieleza kwenye swali la mwanamke aliyebeba sahani, hapa chini). Kinachosaidia kuliko kukaza macho ni kuondoka na kurudi. Ukirudi umeshaoa, umeshafiwa, umeshafanya kazi chini ya bosi mbaya, unaona vitu ambavyo jana vilikuwa rangi tu.

## Yaliyomo ndani ya tablo

Kwa nini tablo za "Colonie Belge" (Koloni la Ubelgiji) zimeandikwa 1885–1959? Si makosa?

Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi ya yote, hasa na wanafunzi waliotoka kusoma historia. Kwa daftari la shule, wana haki. Mwaka 1885 nchi hii haikuwa koloni la Ubelgiji. Ilikuwa mali ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji mwenyewe. Ubelgiji iliichukua mwaka 1908. Na uhuru ni 30 Juni 1960, siyo 1959.

Sasa simama mbele ya tablo yenyewe. Mfungwa amelala kifudifudi, suruali imeshushwa. Askari mweusi mwenye kofia nyekundu ameinua kiboko. Muzungu amesimama kando, kiko cha tumbaku mdomoni, ameweka mikono mfukoni. Bendera ya nyeusi, njano na nyekundu iko juu ya mlingoti. Muulize huyo aliyelala kifudifudi: mwaka 1908 ulipofika, karatasi zikabadilishwa huko Brussels, mgongo wake ulipumzika? Mchoraji aliyeunganisha 1885 na miaka iliyofuata alihesabu kwa mgongo wa mtu, na kwa hesabu hiyo hakukosea.

Ya 1959 ni rahisi zaidi kuielewa. Tarehe 4 Januari 1959 watu wa Léopoldville, Kinshasa ya sasa, waliingia barabarani. Kuanzia siku ile, kwa wengi, ukoloni ulikuwa umekwisha kufa ukisubiri kuzikwa.

Kuna tabaka jingine, na wazee hulisema kwa sauti ya chini mpaka leo. Tablo hizi zilichorwa na kununuliwa wakati wa Rais Mobutu, chama kikiwa kimoja na ulimi ukiwa na mipaka. Mtu aliyetundika "Colonie Belge" saloni mwaka 1975 angeweza kusema, mbele ya mgeni yeyote, kwamba haya ni mambo ya zamani, ya Wabelgiji. Mgeni anaafiki. Kisha wote wawili wanamtazama askari yule mweusi anayempiga mweusi mwenzake kwa amri ya aliyesimama kando, na hakuna anayesema neno. Tarehe zilizoandikwa chini zilikuwa pia ulinzi wa mwenye nyumba.

Kwa nini mtu aning'inize mateso mahali anapokula?

Wageni wa mbali wanashangaa hili kuliko wenyeji. Kwa wachoraji na wanunuzi wa hapa, kazi ya tablo ilikuwa na jina: ukumbusho. Tablo nzuri ilipimwa kwa kile inachokurudishia moyoni na kukufanya useme. Inayopendeza macho tu na haizai hadithi, waliiona pungufu.

Baba alikuwa akiketi chini ya tablo ya kiboko kila jioni. Mgeni mpya akiingia, hazipiti dakika kumi mmoja wao ameshasema: "Vile ndiyo balikuwa banafanya." Hapo masimulizi yanaanza: nani alifungwa, wapi, kwa kosa gani, nani alimpelekea chakula. Watoto tulikuwa sakafuni tukisikia yote. Historia ya ukoo wetu nimeipata chini ya tablo ile zaidi ya mahali pengine popote.

Yule mwanamke aliyebeba sahani nyuma ni nani?

Yuko kwenye tablo ya baba, na wengi wenye macho makali huuliza. Ni mdogo, upande wa kulia, karibu na kona ya gereza, ana sahani iliyofunikwa kichwani. Nilikuwa na miaka kama kumi na nane nilipomwona kwa mara ya kwanza, na aliyenionyesha ni bibi, mama yake baba, ambaye hakujua kusoma.

Siku ile tulikuwa tunazungumzia kiboko, kama kawaida. Bibi akanyanyua kidole, akapita juu ya muzungu, juu ya askari, juu ya aliyelala, akamgusa yule mwanamke. "Huyu analeta bukari." Akanyamaza. Kisha akauliza: "Ameona ao hajaona?"

Tuliinuka wote kuangalia. Uso wake umegeukia kwetu, siyo kwa mumewe. Vivuli vya watu wote kwenye tablo ni vifupi, vimejikunja miguuni, maana yake jua liko utosini. Ni saa sita. Ametembea na chakula cha moto, amefika kona, na mchoraji amemsimamisha hatua moja kabla hajageuza kichwa. Anayepigwa hajui kama mkewe amefika. Mkewe hajui anachokwenda kukiona. Sisi tu tuliokaa saloni ndio tunaojua vyote viwili.

Tangu siku ile siwezi kuiita tena tablo ya kiboko. Kwangu ni tablo ya mwanamke huyo, na kiboko ni kitu kinachomngojea.

Kwenye tablo ya kifo cha Lumumba, misalaba mitatu mlimani ni ya nini?

Kwanza tukio. Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa nchi hii, na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito waliletwa kwa ndege hapa Katanga, jimbo letu, tarehe 17 Januari 1961 na kuuawa usiku ule. Katanga ilikuwa imejitenga tangu 11 Julai 1960 chini ya Moïse Tshombe. Tshibumba amewachora watatu wamelala chini.

Nimewaangalia watu wengi wakiisoma tablo hii, na mpangilio unafanana. Wote huona maiti kwanza. Mwenye kusali anaiona misalaba kabla ya mwingine, naye hahitaji maelezo: Yesu naye aliuawa pamoja na wawili. Tshibumba mwenyewe alilisema hilo bila kificho, kwamba Lumumba kwake ni Bwana Yesu wa nchi hii. Wenye umri wanahesabu nyota angani, wanapata sita, na wanakumbuka bendera ya uhuru ya 1960, yenye nyota sita ndogo kwa majimbo sita. Lumumba alikufa akitaka majimbo yale yabaki nchi moja.

Kinachoonekana mwisho, mara nyingi baada ya mtu kuinama, ni damu. Inatoka ubavuni mwa Lumumba, inatiririka chini, na pale chini inaandika neno la Kifaransa: *Unité*, umoja. Nimeona watu wazima wakirudi nyuma hatua nzima walipolisoma.

Nina langu la kuongeza, na ni langu, silipachiki kwa mchoraji. Bendera ya Katanga iliyojitenga ilikuwa na misalaba mitatu pia: ile ya shaba, iliyokuwa fedha ya wazee wetu kabla ya noti. Mtu wa hapa aliyeishi miaka ile, akiona misalaba mitatu nyuma ya maiti za watu waliouawa na serikali ya Katanga, anaweza kweli asiikumbuke bendera ile?

Mamba Muntu ni pambo tu?

Nguva huyu ametundikwa kwenye saloni na baa nyingi kuliko tablo nyingine yoyote, na ni kweli wengi walimnunua kwa uzuri wake. Uzuri ndio mlango. Angalia kifundo cha mkono: mara nyingi kuna saa. Angalia kiunoni au begani: kuna nyoka. Saa ni kitu cha mwenye mshahara, nyoka ni cha porini, naye amevivaa vyote viwili bila wasiwasi.

Watu husimulia kwamba anatoa mali kwa sharti la siri, na kwamba malipo huja baadaye: mtu wa ukoo wako. Ukiishi kwenye mji wa migodi unaelewa kwa nini hadithi hii ilikaa. Hapa mshahara ulijulikana, kila mtu alijua mwenzake anapata ngapi mwisho wa mwezi. Anayejenga ghafla lazima aulizwe kapata wapi. Baadhi ya familia zimemshusha kwa sababu za dini, na ninaheshimu. Mimi ninaye, na kila mara ninamwona kama swali kuhusu fedha.

Na zile za ndege na samaki, zisizo na hadithi yoyote?

Hizo zina asili nyingine: karakana ya Mfaransa Pierre Romain-Desfossés, iliyoanza hapa mwaka 1946 na kuitwa Le Hangar. Humo walitoka Pilipili Mulongoy, Mwenze Kibwanga, na Bela Sara aliyechora kwa ncha za vidole. Hawakuandika tarehe wala majina ya wafalme juu ya kazi zao.

Lakini kaa mbele ya Pilipili kidogo. Jicho linaridhika na nukta na mistari, linatembea tu kama kwenye kitenge. Halafu linamkuta nyoka, na mbele ya nyoka, ndege. Mapambo yameuficha uwindaji kama majani yanavyouficha porini. Hadithi ipo, imechelewa tu kukufikia.

## Kuangalia pamoja na wengine

Si bora kumwuliza mchoraji mwenyewe?

Muulize ukimpata, kwa adabu, na umwache aanze anapotaka. Lakini uliza baada ya kuangalia. Ukiambiwa kwanza, utatafuta ulichoambiwa, utakipata na utaacha.

Tukiona tofauti, nani ana haki?

Anayeweza kuweka kidole. Kila rai ionyeshe mahali pake kwenye tablo: rangi hii, mkono huu, kivuli hiki. Bibi aliweka kidole. Rai isiyo na mahali pa kidole inaweza kuwa nzuri, ila inamhusu msemaji kuliko tablo, na inafaa isemwe hivyo.

Watoto waonyeshwe tablo za mateso?

Sisi tulikua nazo. Kaa nao, wajibu wanachouliza, usiongeze. Wao huuliza kuhusu vitu vidogo, na vitu vidogo ndivyo tunavyovitafuta.

## Mambo ya pembeni

Mchoraji alichora kitu kile kile mara ishirini. Nakala ina maana gani?

Walichora kwa kurudia kwa sababu waliishi kwa kazi hiyo. Usione haya kuwa na "Colonie Belge" inayofanana na ya jirani. Ziwekeni pamoja mchana mmoja. Kwenye moja askari ana mjeledi hewani, kwenye nyingine umeshatua. Moja ina wanawake wanaolia, nyingine haina mwanamke hata mmoja. Kile ambacho mkono uliozoea umekibadilisha ndicho mchoraji alichokuwa akikiwaza siku ile, au ndicho mteja alichomwomba. Nakala zimenifundisha zaidi ya tablo za pekee.

Maandishi ya Kifaransa yamekosewa. Niyasahihishe kichwani?

Yasome kwa sauti jinsi yalivyo. Mara nyingi utasikia Kifaransa kilichosikika kwenye redio na kuandikwa na sikio la mtu wa hapa. Kuhusu tarehe "zilizokosewa", tazama swali la 1885–1959.

Inatosha kuangalia kwenye simu?

Kwa kukumbuka, ndiyo. Kwa kugundua, hapana. Simu inakupa tukio la katikati na inakunyima kingo, na kingo ndizo zenye mambo. Haikupi pia ukubwa: mbele ya tablo mwili wako unainama na kusogea.

Nyuma ya tablo kuna chapa ya kiwanda cha unga. Niifute?

Tafadhali usiifute. Ni sehemu ya tablo. Inasema kitambaa kilikuwa nini kabla, na mchoraji alikuwa na uwezo gani. Nyufa za rangi nazo ziache, ila iondoe kwenye jua na moshi wa makaa.

Nimeona kitu ambacho nina hakika mchoraji hakukikusudia. Nikitupe?

Hata misalaba ya shaba niliyoitaja kwenye swali la Lumumba ni ya namna hiyo. Nimeitunza, na nikiisimulia nasema ni yangu. Tablo ya ukumbusho iliuzwa ili mwenye nyumba aongeze yake. Kosa ni kumwekea marehemu maneno mdomoni.

Nina tablo miaka mingi, sioni kipya tena. Nifanye nini?

Ibadilishie ukuta. Mazoea hukaa mahali, siyo kwenye macho. Iweke mkabala na mahali watu wanapokaa muda mrefu, siyo njiani wanapopita, na ishushe kidogo, kiasi cha macho ya mtu aliyeketi.

Mwaka jana niliitoa tablo ya baba kwenye koridoo nikaiweka mbele ya meza ya kulia, chini kuliko ilivyozoea. Wiki ya pili, binti yangu wa miaka saba akauliza, kijiko mkononi, kwa nini yule mama amevaa kiatu kimoja. Nikamwambia amevaa viwili. Akasema hapana. Niliinuka kuangalia. Mguu wa kushoto hauna kiatu. Kiko nyuma yake barabarani, kidogo kama punje ya mchele, mahali ambapo siku zote nilidhani ni jiwe.